Wakala amekataa dai la waranti ya injini ya lori kwa sababu ya "dizeli chafu": nianzie wapi?

Mwenye Lori, Mbeya

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa malori mazito, hasa waliowahi kufanya kazi katika karakana za mawakala au waliowahi kudai waranti wakakataliwa.

Nina kichwa cha semi trela nilichokinunua kikiwa kipya kwa wakala mmoja wa Dar es Salaam, kwa mkopo wa benki ambao bado naulipa. Waranti yake ni ya miezi 24 kwa injini, giaboksi na difu, na tatizo lilipotokea kilikuwa na miezi 17 na kilometa zinazokaribia 150,000. Kinabeba mizigo ya bandarini kwenda Lubumbashi kupitia mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa. Kikiwa njiani kurudi, kilipopita Makambako kilianza kupoteza nguvu na kutoa moshi mweupe, halafu ukafuata mlio wa kugonga. Dereva alizima injini papo hapo, nasi tukakivuta hadi karakana ya wakala.

Injini ilipofunguliwa, pistoni ya silinda ya nne ilikutwa imeyeyuka pembeni upande wa juu, na slivu yake (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) imejaa mikwaruzo. Silinda nyingine tano, kwa maelezo ya fundi aliyeifungua na kwa picha alizoniruhusu kupiga, zilikuwa safi. Baadaye ofisa wa mapokezi ya magari alinipigia simu kunieleza kwamba dai limekataliwa kwa sababu mbili: kwamba nimetumia dizeli chafu, na kwamba sevisi moja haikufanyika kwao. Ni kweli sevisi hiyo ilifanyika Mbeya, kwa kuwa gari lilitimiza kilometa zake likiwa safarini. Lakini oili iliyotumika ni ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari, na filta zote zilinunuliwa kwenye kaunta ya wakala huyo huyo. Risiti za EFD ninazo.

Sasa nimekabidhiwa makadirio ya shilingi milioni 41, natakiwa kulipa nusu kabla kazi haijaanza, na nimeambiwa kwamba gari likiendelea kukaa uani bila uamuzi nitatozwa ada ya maegesho. Je, dai la waranti linaweza kukataliwa kwa simu tu? Kati yangu na wakala, ni nani anayepaswa kuthibitisha chanzo cha uharibifu? Na nifanye nini wiki hii ili nisije nikapoteza haki yangu bila kujua?

Fundi Dizeli, Morogoro

Pole sana, ndugu yangu. Nitazungumzia chuma tu, sheria nawaachia wenyewe.

Injini ya kisasa ya lori inapeleka dizeli kwenye nozeli zote sita (vinyunyizi vya dizeli, kimoja kwa kila silinda) kutoka bomba moja la presha kubwa, presha ambayo katika injini nyingi inazidi bar 2,000. Nozeli zote zinakunywa mafuta yale yale. Dizeli ikiwa na maji, mchanga au mafuta ya taa yaliyochanganywa, nategemea kuona dalili zake katika zaidi ya nozeli moja, na kabla ya hapo kwenye pampu ya presha na kwenye filta. Pistoni moja kuyeyuka huku tano zikiwa safi kunanielekeza kwanza kwenye nozeli ya silinda hiyo: huenda ilikuwa inachuruzika badala ya kunyunyiza, na moshi mweupe ulioutaja unaendana na hilo. Jambo la pili la kuangalia ni kile kijibomba kidogo kinachorusha oili chini ya pistoni ili kuipooza. Kikiziba au kikikaa vibaya tangu kiwandani, pistoni moja itaungua peke yake na dizeli haitakuwa na lawama yoyote.

Sisemi kwamba wakala amekosea. Chembe moja ya uchafu inaweza kukwamisha sindano ya nozeli moja na kuziacha nyingine. Lakini hilo hujulikana kwa kupima nozeli zote sita kwenye benchi na kulinganisha matokeo yake, kwa kukata filta ya dizeli na kuangalia ndani yake, na kwa kufungua pampu ili kuona kama kuna vumbi la chuma. Kama vipimo hivyo havijafanyika, basi maneno "dizeli chafu" ni dhana tu. Vivyo hivyo kuhusu sevisi ya Mbeya: oili mbovu huacha alama kwenye beringi za konrodi (mkono unaoshika pistoni), za krankshafti (mhimili mkuu wa injini) na za shafti ya tabo. Waombe wakuonyeshe beringi hizo. Zikiwa nzima, sababu yao ya pili inabaki kuwa muhuri unaokosekana kwenye kitabu.

Na tafadhali usiruhusu kitu chochote kitupwe wala kisafishwe. Pistoni iliyosafishwa haina ushahidi tena.

Karani wa Waranti (mstaafu)

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi ya kuandaa madai ya waranti katika karakana ya wakala kwa miaka mingi, na naomba nieleze jinsi mambo yanavyokwenda upande wa pili wa kaunta, kwa sababu wateja wengi hugombana na mtu asiye na uamuzi.

Wakala halipi waranti kutoka mfukoni mwake. Anatengeneza gari, kisha anapeleka dai kiwandani akiambatisha picha, misimbo ya hitilafu iliyosomwa kwenye kompyuta ya gari, historia ya sevisi na maelezo ya fundi. Kiwanda kikikubali, wakala hurejeshewa fedha za spea na za ufundi, ingawa ufundi hulipwa kwa saa zilizopangwa na kiwanda, ambazo mara nyingi ni pungufu ya saa ambazo fundi ametumia kweli. Kiwanda pia hutuma wakaguzi. Wakikuta dai lililolipwa bila ushahidi wa kutosha, wanamkata wakala fedha ambazo ameshazitumia. Kwa hiyo wakala anayekabiliwa na injini nzima, yenye historia ya sevisi iliyokatika hata mara moja, ana hofu ya kweli, na hofu hiyo humfanya akatae mapema kuliko inavyostahili.

Kutokana na hilo, swali la kwanza la kumuuliza kwa maandishi ni hili: je, dai langu limepelekwa kiwandani, na kama limepelekwa, namba yake ni ipi na kiwanda kimejibu nini? Nimeona madai mengi "yaliyokataliwa" ambayo hayakuwahi kuondoka mezani kwa msimamizi wa karakana. Kama halijapelekwa, omba lipelekwe, na omba mwakilishi wa ufundi wa kiwanda aje kuiona injini ikiwa bado imefunguliwa. Watengenezaji wakubwa wa malori wana watu wa namna hiyo wanaozunguka kanda yetu, na neno la mhandisi wa kiwanda lina uzito ambao ofisa wa mapokezi hana.

Pili, usikubali jibu la simu. Andika barua au barua pepe ukiomba kukataliwa kwako kwa maandishi, huku wakitaja kifungu cha kitabu cha waranti wanachokitegemea, kipimo kilichofanyika, tarehe yake na jina la aliyekifanya. Waambie wazi kwamba unataka sababu zote ziandikwe sasa. Nalisisitiza hili kwa sababu sababu ya kwanza ikidhoofika, mara nyingi huzaliwa nyingine: leo dizeli, kesho kuzidisha uzito, keshokutwa injini kuzungushwa kupita kiasi kwenye mteremko wa Kitonga. Jiandae kwa hayo pia. Omba ripoti kamili ya kompyuta ya gari ichapwe, kwa kuwa kompyuta huhifadhi matukio ya joto kupita kiasi, presha ndogo ya oili na mizunguko iliyozidi. Omba pia ionyeshe saa za injini, si kilometa pekee. Lori linalopanga foleni ndefu Kasumbalesa huku injini ikinguruma huchosha oili kwa saa ambazo kilometa hazizionyeshi, na ni vizuri ujue hesabu hiyo kabla hawajakutajia wao. Kuhusu uzito, kusanya karatasi za mizani za Vigwaza, Mikese, Mikumi, Wenda na Makambako. Lori lililopita mizani ya TANROADS ndani ya kikomo cha sheria ya Afrika Mashariki, ambacho kwa lori na trela zenye ekseli nyingi kuliko zote ni tani 56, lina shahidi asiyependelea upande wowote.

Kuhusu sevisi iliyofanyika nje, soma kitabu chako cha waranti neno kwa neno. Vitabu nilivyovifanyia kazi vilikuwa vya aina mbili. Vingine vilisema sevisi ifanywe kwa vipindi vilivyopangwa na kwa vifaa vya daraja lililotajwa. Vingine vilisema ifanywe na wakala aliyeidhinishwa tu. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata katika aina ya pili, kiwanda makini huuliza kama sevisi hiyo ndiyo iliyosababisha uharibifu. Risiti zako za filta kutoka kaunta yao ni silaha nzuri, kwa sababu namba za spea zilizoandikwa juu yake zitalingana na namba zilizo kwenye filta iliyofungwa sasa hivi kwenye injini. Kazipige picha leo.

Mhandisi wa Mafuta

Naongeza juu ya sampuli, kwa sababu hapa ndipo madai mengi hufia.

Dizeli iliyomo kwenye tangi leo huenda si ile iliyokuwamo pistoni ilipoyeyuka, hasa kama gari lilijazwa tena au lilivutwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo sampuli ichukuliwe sehemu tatu: chini ya tangi, kwenye kikombe cha kutenganisha maji, na ndani ya filta ya mwisho. Kila sampuli igawanywe katika chupa tatu safi, zifungwe kwa lakiri mbele ya pande zote mbili, na kila upande usaini lebo. Chupa moja ibaki kwa wakala, moja kwako, na ya tatu ipelekwe maabara isiyo ya upande wowote. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya kupima mafuta ya petroli. Omba wapime kiwango cha salfa, maji, uzito wa ujazo, mnato na joto la kuwaka. Mafuta ya taa yakichanganywa, mnato na joto la kuwaka hushuka, na dizeli hupoteza ule utelezi unaolinda pampu na nozeli.

Salfa nayo isipuuzwe katika njia yako. Kiwango cha Afrika Mashariki cha dizeli kinaruhusu salfa kidogo sana, lakini ukivuka mpaka huna uhakika huo kila mahali. Salfa ikizidi hutengeneza asidi ndani ya oili, na oili huchoka mapema. Ndiyo maana vitabu vingi vya malori vinataka kipindi cha kubadilisha oili kifupishwe palipo na salfa nyingi. Hata hivyo, salfa huumiza taratibu na kwa silinda zote. Haiyeyushi pistoni moja. Na kama oili ya zamani bado imo kwenye injini, ichukuliwe sampuli nayo: silikoni ikiwa juu inaashiria vumbi lililopita kwenye filta ya hewa, na dizeli ndani ya oili itaunga mkono hoja ya Fundi Dizeli kuhusu nozeli inayochuruzika.

Mwenye Lori, Mbeya

Nawashukuru kwa moyo wote. Leo nimefika karakana nikiwa na barua, na imepokelewa kwa muhuri. Nimeambiwa kwamba sampuli ya dizeli ilikwisha kuchukuliwa na "haikuwa nzuri", lakini hapakuwa na karatasi ya maabara. Fundi aliitazama kwenye chupa kwa macho. Nozeli hazijapimwa. Beringi nimeonyeshwa, na hata mimi nisiye fundi nimeona hazina mkwaruzo. Nimeahidiwa kwamba dai litapelekwa kiwandani, ingawa bado sijapewa namba. Msimamizi amenidokeza pia kwamba wanaweza "kunisaidia" kwa kunilipia nusu ya spea iwapo nitasaini kwamba suala limekwisha. Je, nikubali?

Wakili, Dar es Salaam

Usisaini kwanza, na nitakueleza kwa nini.

Hati ya waranti si haki yako pekee. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaingiza katika mkataba wa mauzo sharti kwamba bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe ya ubora unaofaa kuuzwa, na kwamba pale mnunuzi alipomjulisha muuzaji matumizi yake na kutegemea ujuzi wake, bidhaa ifae matumizi hayo. Masharti haya yanaweza kuondolewa kwa makubaliano, kwa hiyo soma mkataba wako wa mauzo, si kitabu cha waranti tu. Tume ya Ushindani nayo hupokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, lakini tegemea wakala abishe kwamba mnunuzi wa lori la biashara si mlaji kwa maana ya sheria hiyo. Hoja hiyo isikuzuie kulalamika. Nakushauri tu usiifanye nguzo yako pekee.

Kuhusu uthibitisho, kanuni ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ni kwamba anayedai jambo ndiye anayelithibitisha. Wewe utathibitisha kuwapo kwa waranti, kwamba ilikuwa hai, na kwamba kilichoharibika kimo ndani yake. Anayesema "ila mafuta yako yalikuwa machafu" anaegemea kifungu cha kumwondolea wajibu, na kwa maoni yangu ni juu yake kuonyesha kwamba mafuta yalikuwa machafu na kwamba ndiyo yaliyosababisha uharibifu huo. Chupa iliyotazamwa kwa macho haitoshi. Tunza pia ujumbe wa simu na barua pepe zote katika hali yake ya asili, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa mahakamani. Muda unao: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita. Benki yako ijulishwe mapema kwa maandishi, kabla rejesho halijachelewa. Bima kubwa ya gari kwa kawaida haigusi uharibifu wa ndani ya injini, kwa hiyo usiweke tumaini huko.

Kuhusu ada ya maegesho, omba nakala ya kadi ya kazi uliyosaini gari lilipopokelewa, na usome masharti yaliyo nyuma yake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa fundi aliyetia kazi na ujuzi katika mali yako haki ya kuizuia hadi alipwe kwa kazi hiyo. Ada ya maegesho ni jambo lingine, linalohitaji makubaliano. Ukilazimika kulipa chochote ili gari litoke, andika kwenye barua na kwenye stakabadhi kwamba unalipa huku ukipinga na bila kuathiri haki zako.

Msafirishaji, Mombasa

Naheshimu ushauri wa wakili, lakini naomba niongee kama mwenye malori. Gari lililolala halilipi benki. Nilipokuwa na mgogoro kama huu, nilikubali kiwanda kilipie spea nami nikalipia ufundi, na lori likarudi barabara ya Malaba huku wenzangu waliokataa wakiendelea kungoja. Waranti nyingi zimeandika wazi kwamba hazilipi mapato yaliyopotea, kwa hiyo kila wiki ya kusubiri inatoka mfukoni mwako hata ukishinda. Piga hesabu ya safari unazokosa, ujue kiasi unachoweza kukubali bila kuumia, kisha ujadiliane ukiwa na vipimo mkononi. Nozeli zikionekana kuwa ndizo chanzo, hutaambiwa habari ya nusu tena.

Karani wa Waranti (mstaafu)

Msafirishaji amesema kweli, na maneno yake hayapingani na ya wakili. Msaada wa nusu unaodokezwa kabla dai halijapata namba kwa kawaida hutoka kwa wakala mwenyewe, si kiwandani, na ni dalili kwamba wao pia hawana uhakika na sababu yao. Mpangilio ninaokushauri ni huu: nozeli sita zipimwe kwanza mbele yako, ikiwezekana na fundi wako akiwapo, dai liende kiwandani na matokeo hayo, ndipo uzungumze kuhusu mgawanyo wa gharama.

Ukifikia kukubali mgawanyo, usisaini maneno "suala limekwisha" yakiwa peke yake. Maandishi yataje nani analipa nini kwa namba za spea, yaseme kwamba nozeli zote zitabadilishwa au zitapimwa na kupewa cheti, yataje waranti ya kazi mpya ni ya muda gani, na yathibitishe kwamba miezi iliyobaki ya waranti ya awali inaendelea kwa injini nzima, giaboksi na difu. Nozeli mpya zikifungwa, hakikisha pia misimbo yake ya urekebishaji imeingizwa kwenye kompyuta ya gari na kuandikwa kwenye kadi ya kazi. Isipoingizwa, kila silinda itaendelea kupewa dizeli kwa vipimo vya nozeli iliyotolewa. Pistoni, slivu na nozeli ya nne zifungwe kwenye sanduku lenye lakiri na kusainiwa na pande zote mbili. Kiwanda kikizihitaji, watakuandikia hati ya kuzipokea. Kisipozihitaji, ondoka nazo.